Muguka na Feri ya Ndani ya Kichwa

Tulipokutana na kikundi kimoja hapa Ziwa la Ng'ombe, mama mmoja aliuliza: "Mwanangu akitafuna muguka yuwaongea usiku kucha, ati atajenga, atafungua duka. Asubuhi hata maji hachoti. Si uvivu huo?" Tulicheka, lakini swali ni zito, na jibu lake liko kwenye neva, yaani mishipa ya fahamu.

Ndani ya neva moja habari hukimbia kama umeme. Kwenda neva ya pili ndiko kuna kazi, maana kwa kawaida hazigusani. Kati yake kuna mwanya. Gawanya milimita moja mara 50,000, upana wake ndio huo. Hapo ni kama Likoni. Matatu hufika ikakomea, abiria wakashuka, wakavuka na feri, wakapanda nyingine ng'ambo. Vivyo hivyo umeme ukifika mwisho wa neva, neva humwaga kemikali. Kemikali huvuka, huigusa neva ya pili, na habari huendelea. Baadaye nyingi hurudishwa ilikotoka itumike tena. Otto Loewi alionyesha mwaka 1921, kwa mioyo ya vyura, kwamba neva hutumia kemikali kweli.

Kemikali mojawapo ni dopamini, ile inayotupa hamu ya kuanza jambo. Muguka ina kathinoni, ambayo huifanya neva imwage dopamini kwa wingi, tena huzuia isirudi. (Kathinoni hupotea jani likikauka, ndiyo sababu mizigo hukimbizwa kutoka Embu ingali mibichi.) Basi usiku kijana anaona kila kitu chawezekana. Asubuhi akiba imepungua, na usingizi hakupata.

Mei 2024 kaunti ya Mombasa ilipiga muguka marufuku, mahakama ikasimamisha amri hiyo. Hayo tunawaachia wanasheria. Sisi tuna deni letu. Tuliwahi kukubali kijana atolewe kwenye kikundi cha akiba kwa kusinzia mikutanoni, kumbe ndizo siku alizokuwa akijaribu kuacha. Tulikosea. Anayeacha aweza kulala sana, akawa mzito na mwenye huzuni kwa siku kadhaa, kwa kuwa neva zajirudisha polepole. Apewe chakula, maji na kazi ndogo ndogo. Mambo ya mkopo yangoje kidogo. Lakini akianza kusikia sauti au kushuku kila mtu, msingoje mkutano ujao. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.