Makala yatoka wapi? Somo kwa watoto wadogo

Watoto wadogo hawafahamu neno «mazingira», lakini makala wanayafahamu. Basi tuanzie jikoni.

Katika miji yetu, kama Lubumbashi na Goma, watu wengi hupika bugali kwa makala. Tumwulize mtoto: Makala yatoka wapi? Atajibu: Sokoni. Na mbele ya soko? Hivi twarudi naye polepole: gunia, tanuru, shoka, mti.

Kisha tumwonyeshe. Tutwae mabeseni mawili: moja la udongo mtupu, moja la udongo ulioota majani. Tuyainamishe, tumimine maji sawasawa. La kwanza litatoa matope. La pili litatoa maji safi zaidi. Mtoto ataona kwa macho yake kwamba mizizi yashika udongo, na kwamba mlima usio na miti wapoteza udongo wa shamba.

Hapa tujihadhari. Pengine mama wa mtoto huyu anauza makala, na kwa feza hizo anamlipia masomo. Tukisema wakataji ni watu wabaya, mtoto atamwonea mama yake haya, wala hatapanda hata mti mmoja. Mungu alimweka mtu bustanini ailime na kuitunza. Kutumia si dhambi. Kutumia bila kurudisha ndiyo hasara.

Kwa hiyo somo liishe kwa jembe, si kwa kukemea. Kila mtoto apande mti wake na kuumwagilia. Atajifunza mwenyewe: gunia laisha upesi, mti wataka miaka.