Chumvi ya Bahari na Jiko la Mama

Kaskazini mwa mji wa Bagamoyo, upande wa Nunge, kuna majaruba ya chumvi. Maji ya bahari huingizwa humo, yakahamishwa jaruba hadi jaruba yakizidi kukolea, mpaka jua likaacha chumvi nyeupe ya kukwangua. Masika yakifika kazi husimama.

Wazee wa pwani walikuwa na njia nyingine, ya kuchemsha. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 tu za chumvi, basi kuyachemsha hivi hivi ni kumaliza kuni bure. Walikwangua udongo wa mahali panapofikiwa na maji wakati wa bamvua, wakautia katika chombo chenye matundu, wakaumwagia maji. Yale makali yaliyochuruzika ndiyo yaliyowekwa motoni.

Njia hiyo ilihitaji chungu, kuni na subira, vitu ambavyo familia maskini iliweza kuvipata. Lakini kuni zenyewe ni mikoko, na mikoko ndiyo malezi ya kamba na samaki. Tusiwalaumu wachemshaji peke yao. Majaruba nayo yamekata mikoko mingi. Tena jaruba hutaka kibali, eneo na fedha. Hivyo mama ambaye zamani angepika chumvi yake, leo huenda akawa kibarua wa kuibeba kichwani, kisha akainunua dukani.

Akina mama wenzetu, liko jambo zito zaidi. Wengi hudhani chumvi ya bahari ina madini joto ya kutosha. Sivyo, yaliyomo ni kidogo mno. Mama mjamzito akiyakosa, mimba yaweza kuharibika, au mtoto akazaliwa na akili iliyodumaa. Rovu ni dalili tu ya nje. Ndiyo sababu tangu miaka ya 1990 sheria ya Tanzania inataka chumvi ya kula itiwe madini hayo. Nyumbani ihifadhi katika chombo chenye kifuniko, mbali na moto na jua.

Mzalishaji mkubwa ana mashine. Mdogo aweza kutumia bomba la mgongoni, kama la shambani, akanyunyizia chumvi huku akiigeuza kwa koleo. Liwe bomba jipya, lisiwe lililowahi kutiwa dawa ya wadudu. Na dawa ya madini joto ni ghali kwa mtu mwenye magunia machache, kwa hiyo heri majirani wachangie bomba moja.