Saa ya Marehemu na Nambari Iliyo Ndani Yake

Katika tarika ya maiti, ugomvi haupimwi kwa ukubwa wa mali. Ngamia huhesabiwa mbele ya watu na kiwanja huwa na hati yake, lakini saa ya mkono hutiwa mfukoni kabla ya matanga kwisha, na mara nyingi wanaopoteza haki yao ni wajane na mabinti.

Hapa Waberi, mjini Garissa, tuliletewa shauri la namna hiyo. Marehemu aliacha wajane wawili na watoto wa nyumba zote mbili. Mwanawe wa kwanza alidai kuwa saa ya babake, Omega ya kutia ufunguo, haimo katika mirathi. Alisema Abba aliinunua safarini Hija mwaka 1958, na aliporudi akamkuta mtoto kazaliwa, akamtunukia. Mjane mdogo na binti zake walijibu kuwa siku zote waliiona mkononi mwa marehemu.

Jibu lao, ijapokuwa la kweli, halikutosha. Hiba hutimia kwa kukabidhiwa, lakini baba huweza kumpokelea mwanawe mchanga na kumhifadhia kitu chake. Basi suala likawa moja tu: je, hiba hiyo ilikuwako?

Tukashauri saa ipelekwe kwa fundi, naye akafungua mfuniko wa nyuma mbele ya pande zote mbili. Katika Omega za zamani, nambari ya aina ya kasha huchongwa upande wa ndani wa mfuniko, na nambari ya mfululizo huchongwa juu ya mashine yenyewe. Hii ya pili ndiyo inayotaja umri. Hesabu ya kiwanda ilifika milioni 10 karibu na mwaka 1944, milioni 15 karibu na 1956, na milioni 20 karibu na 1963. Nambari ya saa ile ilikuwa ya tarakimu nane, na mbili za kwanza zilikuwa 20. Hata tukikadiria kosa la mwaka mmoja au miwili, haiwezi kurudi nyuma hadi 1958.

Mwana akauliza swali la haki: je, kama mashine ilibadilishwa? Hutokea, tena sana, kwani mafundi wetu huokoa saa moja kwa viungo vya nyingine. Fundi akalinganisha nambari ya kasha na aina ya mashine, akaona vinaafikiana, wala skrubu hazikuwa na alama za kuchokolewa. Si yakini, bali ni dhana yenye nguvu, na mwenye kudai hiba ndiye mwenye kuleta ushahidi.

Ieleweke kuwa nambari hutaja mwaka wa kutengenezwa, si wa kununuliwa. Saa huweza kukaa dukani miaka. Kwa hiyo nambari yaweza kukanusha kuwa saa ilikuwapo kabla ya mwaka fulani, lakini haithibitishi nani alimpa nani, wala lini.

Wala kila saa haisomwi hivyo. Seiko, ambazo zimejaa majumbani mwetu, zina nambari nje ya mfuniko: tarakimu ya kwanza ni ya mwisho ya mwaka, na alama ya pili ni mwezi. Ikianza na 6, yaweza kuwa 1966, 1976 au 1986, na ni aina ya mashine itakayoamua. Rolex za zamani zina nambari ubavuni mwa kasha, na huonekana mkanda ukitolewa.

Na akina mama watuwie radhi kwa neno la pembeni: saa kuukuu ambazo tarakimu zake zilitengenezwa zing'ae gizani huenda zilipakwa radiamu, yenye mnururisho wenye madhara. Rangi hiyo huweza kuacha kung'aa na madhara yake yakabaki. Zisifunguliwe nyumbani wala zisikwanguliwe, na watoto wasipewe kuchezea.

Saa ya Waberi ilitiwa thamani na kurudishwa katika tarika. Wajane wakagawana thumuni yao, na watoto wakapata kilichobaki, mwanamume mafungu mawili na mwanamke moja. Mwana wa kwanza aliichukua saa kwa kukatwa bei yake katika fungu lake. Hatukumwita mwongo, wala mjane mdogo hakumwita. Mamake angali akisema kuwa saa ilitolewa siku ile, na huenda ilitolewa kweli, ila ilikuwa saa nyingine.