Umetibiwa kwa simu, mbona duka la dawa linakukatalia?

Tuseme ni saa nne usiku na uko kwako Witeithie. Koo limefura, kumeza mate ni shida, na kesho una kibarua. Badala ya kungoja kupambazuke upande matatu hadi Thika Level 5, unashika simu, unalipa kwa M-Pesa na daktari anatokea kwenye video. Anakuuliza maswali, anakuambia ufungue mdomo mbele ya kamera, kisha anakutumia jina la antibayotiki kwa WhatsApp.

Asubuhi, mwenye duka la dawa anatazama simu yako na kutingisha kichwa. “Hii siwezi kukupea. Leta karatasi.”

Usimkasirikie. Sheria ya Dawa na Sumu, Sura ya 244, ambayo mizizi yake ni ya enzi za mkoloni, inataka agizo la daktari liwe la maandishi, lenye sahihi yake, tarehe na anwani. Ujumbe wa WhatsApp wenye jina la dawa tu hauna hayo. Akikuuzia, atakayejibu kwanza wakaguzi wakija ni yeye. (Kuna maduka yasiyouliza chochote, tunajua, ila hilo si jambo la kujivunia.)

Ajabu ni kwamba matibabu ya mtandaoni si haramu Kenya. Sheria ya Afya ya 2017 iliyatambua waziwazi, tena ikampa waziri miaka mitatu ahakikishe kuna sheria kamili ya kuyasimamia. Hesabu mwenyewe: ilipaswa kuwa tayari 2020, mwaka wa korona, wakati watu waliogopa hospitali na simu ndiyo ilikuwa njia salama. Sheria ya Afya Dijitali ilitiwa saini Oktoba 2023.

Hata hiyo haikutulia. Julai 2024 Mahakama Kuu iliiharamisha pamoja na sheria ya bima ya afya ya jamii, ile iliyoleta SHA, ikisema umma haukushirikishwa vya kutosha. Septemba mwaka huohuo Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo, sheria zikaendelea kutumika. Sasa wewe kijana uliyetoka KMTC ama chuo kikuu ukiwa na wazo la programu ya kuunganisha wagonjwa na madaktari, utaenda kukopa pesa na kumwambia nini mwenye benki?

Tena leseni yako pekee haitoshi. Baraza la madaktari, KMPDC, husajili daktari na pia kituo anachotibia. Mfumo huo ulijengwa ukifikiria jengo: chumba, kitanda, choo, mkaguzi anayebisha hodi. Daktari kijana mwenye leseni, kompyuta na chumba kimoja cha kupanga hapa kati ya Juja na Thika hajui hasa ajisajili kama nini, kwa hiyo wengi hujibanza chini ya hospitali kubwa zenye vibali.

Kwa mgonjwa, hatari kubwa zaidi iko kwa daktari aliye nje ya nchi. Daktari wa kigeni anahitaji kibali cha KMPDC kabla ya kutibu Wakenya. Lakini aliyeketi ng’ambo na kukutibu bila kibali, akikosea, utamshtaki wapi? Baraza linaweza kumwita daktari wa Thika kwenye kikao cha nidhamu. Huyo wa mbali atazima simu tu. Na rekodi zako je? Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, na haziwezi kupelekwa nje bila idhini yako na uhakika wa usalama wake. Pale ulipobonyeza “nakubali” bila kusoma, pengine ndipo ulipoitoa.

Witeithie kwa Kikuyu ni “jisaidie”, na kwa sasa ndivyo ilivyo. Kabla ya kulipa, omba jina kamili la daktari na nambari yake ya usajili, kisha litafute kwenye sajili iliyo katika tovuti ya KMPDC. Mwombe akutumie agizo lenye sahihi, tarehe na anwani, si jina la dawa tu. Kama anayekuhudumia ni afisa wa kliniki, usimtafute huko. Hao wana baraza lao.