Mabao 18 ya Mwadui, mabao 17 ya Geita

Msimu wa 2018/19 Salim Aiyee aliifungia Mwadui mabao 18 katika Ligi Kuu, na kiatu cha dhahabu kikaenda kwa Meddie Kagere wa Simba aliyekuwa na 23. Misimu mitatu baadaye George Mpole wa Geita Gold akafunga 17, akampita Fiston Mayele wa Yanga kwa bao moja, akawa mfungaji bora wa nchi. Mmoja straika wa timu ya mgodi wa almasi, mwingine wa mji wa dhahabu. Mwenye mabao mengi hakuvaa kiatu, mwenye machache akakivaa.

Nimekuwa nikizitazama namba hizo mbili kwa miaka bila kuona tatizo. Aliyenionyesha tatizo ni mkata tiketi wa stendi ya mabasi ya Shinyanga.

Vijana wa pale walikuwa wakibishana habari za kikapu. Huyu Michael Jordan, fainali sita na mataji sita. Yule LeBron James, aliyempita Kareem Abdul-Jabbar kwa pointi mwaka 2023. Sauti zilipopanda, mzee aliyekaa nyuma ya kidirisha cha tiketi akatoa kichwa na kuuliza: "Na Aiyee na Mpole mnawapanga vipi? Hao mmewaona kwa macho yenu." Wote wakanyamaza, kisha wakarudi kwa Jordan. Mimi nilimfuata mzee.

Hapo stendi wanamwita Karani, nami nitamwita hivyo. Anasema alicheza beki wa kushoto katika timu za mchangani hadi goti likamkatalia. Stendi hiyo ndiyo iliyozaa Stand United, timu ya wapiga debe, Chama la Wana, iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2014 ikiwa na watu waliozoea kugombea abiria. Kwa hiyo mpira na tiketi vimekaa meza moja kwake siku zote, na juu ya meza hiyo, chini ya kitabu cha stakabadhi, kuna kaunta buku.

Naomba nikae hapa kidogo, maana kaunta buku hiyo ndiyo iliyonifanya nikose usingizi.

Ni ya kwaya nne, jalada limefungwa gazeti kisha nailoni. Kila mchezaji ana kurasa zake, zimepigwa mistari kwa rula. Safu za kwanza ni zile ambazo yeyote angeziweka: tarehe, uwanja, timu pinzani, dakika. Baada ya hapo kuna safu mbili nyembamba ambazo sijaziona kwenye orodha yoyote ya wafungaji hapa nchini. Moja imeandikwa KABLA. Humo anaandika matokeo yalivyokuwa kabla ya bao kuingia. Bao lililosawazisha au lililotanguliza timu linaandikwa kwa biki nyekundu. Bao lililoingia timu ikiwa tayari inaongoza kwa raha linaandikwa kwa bluu. Ya pili imeandikwa KATOKA WAPI, na ndiyo inayompa taabu zaidi. Krosi ya nani? Kona? Kipa alitema? Beki alijikwaa? Ni mpira wa nguvu zake mwenyewe tangu katikati ya uwanja?

Safu ya KABLA anaijaza kwa redio au kwa gazeti la kesho yake. KATOKA WAPI haijazwi na gazeti. Kwa hiyo Karani alijiwekea utaratibu: kondakta yeyote wa basi lililotoka kulikokuwa na mechi, Mwadui, Kahama au Geita, akifika dirishani kukabidhi hesabu, kwanza asimulie bao. Asiyeliona amtafute abiria aliyeliona. Akisimuliwa na watu wawili wakapishana, anaandika maelezo yote mawili na kuweka alama ya kuuliza.

Na pale ambapo hakumpata shahidi, kachumba ka safu hiyo kamebaki keupe. Vyumba vyeupe ni vingi. Nilimuuliza kwa nini asikisie, maana straika akijulikana anapenda mipira ya kichwa, si vigumu kudhani bao lilivyokuja.

"Mwanangu, nikikisia moja, hata yale niliyoambiwa yatakuwa ya kukisia," alisema. "Cheupe kibaki cheupe. Atakayekuja akijua, atajaza."

Nilimletea Mohammed Hussein 'Mmachinga', kwa sababu mjadala wa wafungaji Tanzania lazima upite kwake. Mabao 26 akiwa Yanga mwaka 1999, namba ambayo wafungaji bora wa misimu mingi iliyofuata hawakuikaribia: John Bocco 19, Amissi Tambwe 21, Emmanuel Okwi 20, Kagere 23, Stephane Aziz Ki 21. Karani alifungua ukurasa wa Mmachinga. Juu kabisa kuna namba 26, imezungushiwa duara. Chini yake, mistari mitupu.

"Ishirini na sita naijua kama unavyoijua wewe. Sijui alipewa na nani. Sijui ngapi zilikuwa nyekundu. Sasa nimlinganishe na Mpole kwa kitu gani? Kwa namba moja? Wewe ukija kwangu na namba moja, mimi nakukatia tiketi ya kwenda wapi?"

Hapo nikawakumbuka wale vijana na kikapu chao, kwa kuwa jambo hilihili lipo huko. NBA ilianza kuhesabu rasmi mipira iliyozuiwa msimu wa 1973/74. Bill Russell wa Boston Celtics, ambaye wengi wanamtaja kuwa mlinzi wa lango la kikapu asiye na mfano, alistaafu mwaka 1969 akiwa na mataji 11. Kazi aliyoifanya kuliko wote, ya kuruka na kuikatalia mipira ya wengine, haina jumla kwenye vitabu rasmi vya ligi. Mwenzetu Hasheem Thabeet, Mtanzania wa kwanza kufika ligi hiyo, aliyechaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies mwaka 2009, alizuia mipira zaidi ya 400 katika misimu mitatu ya Chuo Kikuu cha Connecticut. Wanaomcheka wanataja wastani wake wa pointi mbili na ushei kwa mechi katika NBA. Mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuzuia tunampima kwa kufunga. Angezaliwa wakati wa Russell, hata hizo 400 zisingekuwepo, na wanaomcheka wangebaki na pointi mbili peke yake.

Turudi Shinyanga. Hoja yangu kwa Karani ilikuwa ya hesabu. Ligi ya 2018/19 ilikuwa na timu 20, kila timu ikicheza mechi 38. Ya 2021/22 ilikuwa na timu 16, mechi 30. Mabao 17 katika msimu wa mechi 30 ni kasi kubwa kuliko 18 katika msimu wa mechi 38. Kwa mwendo huo Mpole angefika 21 kama ligi yake ingekuwa ndefu kama ya Aiyee, na Aiyee angeishia 14 kama yake ingekuwa fupi. Niliona nimemaliza.

Karani hakuishika kalamu. Aliniuliza Mwadui ilimaliza wapi msimu ule. Jibu analijua kila mtu wa Shinyanga: iliponea mechi za mchujo. Stand United na African Lyon zilishuka moja kwa moja, na Mwadui ikalazimika kupigania nafasi yake dhidi ya timu ya daraja la chini. Timu hiyo ya daraja la chini ilikuwa Geita. Mwadui ikabaki.

"Unaona? Straika ana mabao 18 na timu yake inazama. Maana yake mipira inamfikia michache, beki zinajua mpira wote utapelekwa kwake, kocha hana mwingine. Kagere alikuwa na Simba bingwa, Simba iliyofika robo fainali Afrika. Mpole alikuwa na timu iliyomaliza ya nne. Sisemi hawakujua kazi, wanajua sana. Nasema mkate wa nyumba yenye njaa hauhesabiwi sawa na wa nyumba yenye sherehe."

Kuna jambo lilinipendeza hapo. Mechi za mchujo hazihesabiwi kwenye orodha ya wafungaji wa ligi. Karani amezipa ukurasa wake peke yake, mwisho wa daftari, na hajaujumlisha na kurasa nyingine. Anasema hana haki ya kubadilisha kanuni, lakini hana haki pia ya kujifanya siku hizo hazikuwepo, kwa sababu yeye mwenyewe alizikatia watu tiketi.

Ukurasa uliomshinda ni wa Saido Ntibazonkiza. Mrundi huyo aliuanza msimu wa 2022/23 akiwa Geita Gold, akahamia Simba katikati, akamaliza na mabao 17 sawa na Mayele. Orodha ya wafungaji bora inamtaja kama mchezaji wa Simba. Karani amemgawa kurasa mbili na kuziunganisha kwa pini. Mabao ya nusu ya kwanza ni urithi wa nani? Watu wa Geita waliyashangilia pale Nyankumbu. Nilimuuliza Karani atayaandika wapi siku ya kujumlisha, akasema hajui, na mimi sijapata jibu linaloniridhisha.

Kuna kubwa zaidi lililo nyuma ya yote haya, nalo ndilo linanifanya niandike. Stand United ilishuka 2019. Mwadui ikashuka 2021, mwishoni mwa msimu ambao mgodi wenyewe wa almasi, wa Williamson, ulikuwa umesimamisha uzalishaji tangu Aprili 2020 baada ya soko la almasi kuporomoka. Geita Gold, iliyopanda Mwadui ilipokuwa inashuka, iliyofika hadi Kombe la Shirikisho Afrika na kutolewa na Hilal Alsahil ya Sudan kwa kanuni ya bao la ugenini, nayo ikashuka 2024. Katika miaka mitano ukanda wote wa madini ulibaki bila timu kati ya hizo tatu katika Ligi Kuu.

Mmachinga atakumbukwa. Yanga ina vinywa kila kijiji cha nchi hii, na kila mwaka mtu anapokaribia mabao 20 vinywa hivyo vitaitaja 26. Mabao ya Aiyee hayana kinywa cha namna hiyo. Mwenye namba ndogo na klabu kubwa atadumu kuliko mwenye namba kubwa na klabu iliyoshuka, na tutakapokaa miaka 20 baadaye kupanga nani alikuwa nani, tutadhani tunalinganisha wachezaji kumbe tunalinganisha wingi wa mashabiki. Hili naliona ni dhuluma. Lingerekebishwa kwa gharama ndogo sana, maana kinachotakiwa ni mtu wa kuandika katika kila uwanja na mahali pa kuhifadhi alichokiandika.

Karani anakaribia kupumzika kazi. Mwanawe anaishi Kahama na anapenda muziki. Nilimuuliza kaunta buku itakwenda kwa nani, akaniuliza kama gazeti letu lina kabati. Nilimwambia nitauliza. Nimeuliza, bado sijajibiwa.

Kuhusu ubishi wenyewe, hatukukubaliana. Yeye anamweka Aiyee juu, na anaonyesha biki nyekundu. Mimi bado namweka Mpole juu, kwa mechi 30, kwa kuwapita washambuliaji wa Yanga iliyochukua ubingwa bila kufungwa msimu ule, na kwa kuwa Juni 2022 alilipeleka jina la Geita hadi Taifa Stars na kuifunga Niger kule Cotonou. Karani alisikiliza hadi mwisho, akageuza ukurasa wa Mpole, akaweka kidole kwenye safu ya KATOKA WAPI, kwenye mstari wa bao hilo la Cotonou alilolipa nafasi ingawa si la ligi. Ulikuwa mweupe. "Uliliona?" aliuliza. Nikamwambia niliona kwenye televisheni. Akanipa kalamu.