Midomo ya Majani

Ndugu mkulima, uonapo mahindi yako yamekunja majani wakati wa jua kali, ujue ya kuwa yanajitahidi kuzuia maji yasipotee. Kila jani lina vitundu vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, viitwavyo stomata. Sisi na tuviite midomo. Kwa midomo hiyo mmea huvuta hewa ya kutengenezea chakula chake, na kwa hiyo hiyo hutoa mvuke. Sehemu kubwa sana ya maji yanyonywayo na mizizi hupotelea hapo.

Midomo hufunguka na kufumba kila siku. Lakini hesabu yake ni jambo jingine: hukatwa jani lingali changa, nalo likiisha kukomaa haizidi wala haipungui. Mwenye kukata hesabu hiyo, pamoja na mwanga na hewa, ni jeni, yaani zile amri ambazo mmea umerithi kwa wazazi wake ndani ya mbegu. Katika miaka ya 2006 na 2007 wataalamu walieleza jeni tatu za mmea mdogo uitwao Arabidopsis: SPEECHLESS huanzisha kazi, MUTE huiendeleza, FAMA huikamilisha. (Majina ni ya ajabu, tuwaachie wenyewe.) Mmea uliokosa ile ya kwanza hauoti mdomo hata mmoja.

Ziko na jeni za kuzuia. EPF1 hupeleka habari kwa chembe jirani zisifanye mdomo karibu, hata midomo miwili isigusane, kama wewe upandavyo kwa nafasi.

Mwaka 2019 ilitangazwa habari ya mpunga wa IR64 uliozidishiwa nguvu ya jeni hiyo. Midomo ilipungua, na katika juma la nne na la tano mimea ilitumia maji pungufu kwa kadiri ya 40 katika 100, ikastahimili ukame muda mrefu zaidi. Walakini usidhani kwamba kupunguza hakuna hasara. Mvuke ndio upozao jani, na midomo ikiwa michache kupita kiasi, jani hukosa hewa.

Mpunga huo ulikuwa wa majaribio, basi usiuulize dukani. Bali kumbuka ya kuwa magugu nayo yana midomo, nayo hunywa maji yale yale ya mahindi yako. Palilia mapema, yangali madogo, kisha tandaza majani makavu juu ya udongo.