Injini Inapomisi: Kupima Kabla ya Kubadilisha

Injini ya petroli iliyo nzima huunguruma kwa mpigo sawa kwa sababu kila silinda hutoa nguvu kwa zamu yake, na injini husemwa na mafundi kuwa inamisi pale silinda moja au zaidi inaposhindwa kuunguza mafuta zamu yake inapofika. Katika injini ya mipigo minne, kila silinda huwaka mara moja katika mizunguko miwili ya krenki, hivyo injini inayozunguka mara 700 kwa dakika gari likiwa limesimama hutarajiwa kupata milipuko 350 kutoka katika kila silinda. Silinda moja ikilala katika injini ya silinda 4, robo ya nguvu hupotea, na katika injini ya silinda 3, kama ile ya lita 1 iliyomo katika Toyota Passo, hupotea theluthi nzima, ndipo gari hutetemeka hadi usukani.

Mafuta huungua iwapo mambo matatu yamekutana: mchanganyiko wa hewa na petroli ulio katika uwiano unaofaa, mgandamizo wa kutosha ndani ya silinda, na cheche ya plagi inayokuja kwa wakati wake. Kila chanzo cha kumisi ni upungufu katika mojawapo ya hayo, lakini mazingira ya uwanda wa kati wa Tanzania huongeza mawili ya kuzingatiwa. Kwanza, Dodoma iko takriban mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja ya kumi. Gari la zamani la kabureta lililorekebishwa pwani huchoma petroli nyingi kupita kiasi likifika huku, ilhali gari linalotumia nozeli hujirekebisha kwa msaada wa kompyuta yake. Pili, miezi mirefu ya kiangazi huleta vumbi, na chujio la hewa lililochanika huruhusu vumbi hilo kuchafua sensa inayopima hewa na kukwaruza kuta za silinda.

Uchunguzi huanza kwa kutenganisha hitilafu ya silinda moja na ile ya injini nzima. Mashine inayosoma kumbukumbu za kompyuta ya gari husaidia hapa, kwa kuwa msimbo P0300 humaanisha kumisi kusiko na silinda maalumu, na P0302 huitaja silinda ya pili. Silinda zote zikiyumba kwa kupokezana, hushukiwa kitu zinachokitumia kwa pamoja, kama vile petroli yenye maji, pampu dhaifu au mpira wa hewa uliopasuka, ambao athari yake huonekana zaidi injini ikiwa sailensa, yaani ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta. Pasipo mashine, fundi huchomoa soketi ya koili moja baada ya nyingine. Mngurumo ukidhoofika, silinda hiyo ilikuwa ikifanya kazi, na usipobadilika, mbovu imepatikana.

Kuijua silinda mbovu si kujua ugonjwa wake. Koili yake huhamishiwa kwenye silinda jirani, na hitilafu ikiifuata, koili ndiyo yenye kosa. Koili dhaifu huweza kufanya kazi vizuri mjini kisha ikashindwa gari likipanda milima ya Nyang'oro katika barabara ya Dodoma–Iringa, kwa sababu mzigo huongeza shinikizo ndani ya silinda, na cheche huhitaji volti nyingi zaidi kulivuka pengo la plagi. Plagi nayo hutoa ushahidi: masizi makavu meusi huonyesha petroli iliyozidi, unyevu wa petroli huonyesha kukosekana kwa cheche, na oili huonyesha ringi za pistoni au sili za valvu zilizochakaa.

Cheche na mafuta vikiwa salama, hupimwa mgandamizo kwa geji, na hapa ndipo mwinuko huweza kumpotosha fundi. Viwango vya vitabu hukadiriwa kwa usawa wa bahari, kwa hiyo injini nzima ikipimwa Dodoma huweza kusoma pungufu kwa zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi bila kuwa na ubovu wowote. Kipimo cha kuaminika ni silinda kulinganishwa na wenzake: tatu zikisoma paundi 155 kwa inchi ya mraba na ya nne 95, tofauti hiyo ndiyo hitilafu. Oili kidogo humiminwa katika silinda dhaifu. Kipimo kikipanda, ringi zimechoka, na kisipopanda, hushukiwa valvu. Silinda mbili zinazopakana zikiwa dhaifu pamoja, mara nyingi hedigasketi imeungua katikati yao.

Kuchelewa kuna gharama, kwani petroli isiyoungua huosha oili kwenye kuta za silinda, kisha huenda kuungua ndani ya masega, yaani kichujio cha moshi, na kuyayeyusha. Taa ya injini inayowaka na kuzima humwonya dereva juu ya hatari hiyo. Hata hivyo, haraka ya kununua plagi na koili mpya bila kupima haiwezi kuiponya valvu iliyoungua. Mwenye gari anayeomba vipimo vya silinda zote kabla ya kulipia kifaa chochote hujikinga na hasara hiyo, na fundi aliyepima kweli hatakosa cha kumwonyesha.